Mpenzi Wako Ana Bendi? Wasikilize X Plastaz Kwanza

Msomaji, hebu jibu kwa ukweli. Mwenzi wako akija jioni moja na kukwambia kuwa yeye na washkaji zake watatu wameanzisha bendi, utasemaje? Wengi wetu tutacheka. Wachache tutampigia makofi. Halafu siku atakapotaka akiba ya kiwanja ikalipie studio, hapo ndipo utani unapoisha.

Mimi yamenikuta. Ninafundisha Kakesio, kata iliyo upande wa kusini-magharibi wa Ngorongoro, ukishapita Endulen. Mume wangu anafanya kazi Arusha mjini. Lami inatoka kwake mpaka lango la Lodoare, na kutoka hapo kuja kwangu ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mchana ni mhasibu, usiku anapiga gitaa la besi. Bendi yao ina miaka mitatu, haina meneja wala albamu, na wimbo wao mmoja uliwahi kupigwa redioni saa nane usiku, watu wamelala. Mwaka huu ameomba tuzitoe pesa za kiwanja ili warekodi.

Sikumjibu hapohapo. Nilitaka kwanza kujua watu walioipita njia hiyo waliipitaje, na ikawagharimu nini. Sikuhitaji kwenda mbali, kwa sababu kundi lenyewe lilitoka Arusha hiyohiyo. Wanaitwa X Plastaz.

Walianza na midomo yao

X Plastaz waliundwa mwaka 1996. Ndani yake walikuwemo ndugu wa familia moja, akina Rutta: Gsan, Ziggy na baadaye dada yao Diana. Alikuwepo pia Faza Nelly, na baadaye akaingia Mmasai anayeitwa Yamat Ole Meipuko, ambaye jukwaani alijulikana kama Merege.

Ili uone uzito wa jambo hilo, kumbuka muziki wa Tanzania ulivyokuwa ukiendeshwa kabla ya hapo. Bendi za dansi zilihitaji magitaa, ngoma, saksafoni na vipaza sauti, na vyombo hivyo aghalabu havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki akikorofishana na tajiri, anaondoka na kipaji chake tu. Ndiyo maana watu bado wanamkumbuka Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano yake.

Hip hop ilivunja kizuizi hicho. Ukiwa na mdomo, daftari na mshikaji wa kukupigia biti kwa kinywa, tayari mna kundi. Kwanza Unit walikuwa wameshaanza Dar es Salaam mwaka 1993. Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na vijana wakaanza kusikia kuwa hata Kiswahili kinaweza kughanwa.

Ila huko kote ni Dar. Studio zilikuwa Dar, redio kubwa zilikuwa Dar, na wasambazaji wa kanda walikuwa Kariakoo. Kijana wa Arusha alilala kwenye basi, akashuka mjini asikomjua mtu, akaulizwa, "Wewe nani?" Kwa hiyo ukisikia mtu anasema X Plastaz walichelewa kutoka, mwambie ahesabu kwanza kilomita.

Mmasai na maiki

Kilichowatofautisha na makundi mengine kilikuwa karibu nao siku zote. Wengi walioanza kurap walianza kwa kuwaiga Wamarekani, suruali chini ya kiuno na Kiingereza cha kuazima. X Plastaz walirap kwa Kiswahili, wakachomekea Kihaya, na katikati yake wakamweka Merege akiimba kwa Kimasai, amevaa mavazi ya kwao.

Mimi si mtaalamu wa muziki, lakini kuishi Kakesio kumenifundisha kitu. Wamasai katika uimbaji wao hawategemei ngoma. Kuna kiongozi, wanamwita olaranyani, ndiye anayetupa mstari wa juu. Wenzake hawamjibu kwa maneno mengi. Wanamjibu kwa pumzi nzito inayotoka kifuani, inakwenda na kurudi kwa mpigo mmoja, na vijana wanaruka juu yake. Ukisikiliza vizuri utagundua ile pumzi ndiyo biti yenyewe. Mtu wa hip hop angesema hiyo ni bezi tayari, weka mashairi juu.

Siku moja niliwawekea majirani wimbo wa X Plastaz kwenye spika yangu ndogo. Vijana walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kubishana juu ya sauti ya yule mwimbaji na namna anavyowaongoza wenzake. Mama anayeniuzia maziwa alisikiliza mpaka mwisho, akatengeneza shuka lake, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, huyu anayeimba, wanamgawia sawa na wale wanaoongeaongea?"

Nilikuwa nimesoma mambo mengi kuhusu kundi lile, lakini hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Mama yule anaishi mahali ambapo wageni kutoka dunia nzima huja kupiga picha. Anajua vizuri kwamba shuka jekundu linauza. Anachotaka kujua ni nani anayelipwa.

Miaka minane kwa albamu moja

Sasa tuje kwenye ule mwendo wenyewe. Kundi limeanza mwaka 1996. Albamu yao iliyowapeleka duniani, "Maasai Hip Hop", ilitoka mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: miaka minane! Mtoto aliyezaliwa kundi likianza alikuwa yuko shule ya msingi albamu ilipotoka.

Na haikutolewa na kampuni kubwa. Iliyoitoa ni OutHere, lebo huru ya mjini Munich, Ujerumani, ambayo mwaka huohuo ilitoa pia mkusanyiko wa nyimbo za Bongo Fleva. Kabla ya hapo X Plastaz walikuwa na rafiki Uholanzi aliyeendesha tovuti ya hip hop ya Afrika wakati ambapo wengi wetu hatujawahi hata kugusa kompyuta. Kupitia urafiki wa namna hiyo walifika kwenye majukwaa ya Ulaya. Walipata wasikilizaji ng'ambo bila kusubiri tajiri wa Kariakoo awakubali.

Nikitazama miaka hiyo minane, mimi kama mke najiuliza mambo ya nyumbani. Nani alilipa kodi? Nani alipika watu wakirudi usiku kutoka mazoezini? Kundi likiwa na ndugu ndani yake lina faida hiyo: mkikosana jukwaani, bado mtakutana kwa mama. Undugu unavumilia pale mkataba unapochoka. Lakini undugu nao una hatari yake, kwa sababu watu hudhani kwa kuwa tunapendana hakuna haja ya kuandika chochote. Wanandoa wenzangu, nadhani mnanielewa.

Wana wimbo unaoitwa "Kutesa kwa Zamu". Msemo huo wa mtaani kila mtu anaujua: leo unang'ara wewe, kesho mwenzako. Kwa watu waliosubiri miaka minane, naona waliuchagua vyema.

Msiba, halafu Kiswahili kwenye BET

Mwaka 2006, miaka miwili tu baada ya albamu, Faza Nelly aliuawa Arusha kwa kuchomwa kisu. Kundi lililojengwa na watu wachache likimpoteza mmoja, huwezi kumtangazia nafasi ya kazi gazetini. Sauti yake ilikuwa ni yake. Makundi mengi hufia hapo.

Wao hawakuishia hapo. Mwaka 2009 Gsan alisimama kwenye saifa ya tuzo za hip hop za BET, Marekani, ile sehemu ambayo marapa wanapokezana mistari bila madoido, akaghani kwa Kiswahili. Miaka kumi na mitatu baada ya kuanza! Hakubadili lugha ili aeleweke. Waliokuwa pale ndio waliolazimika kusikiliza.

Hapo ndipo ninapouona mtindo wa kundi zima, kutoka Arusha mpaka BET. Hakuna aliyeambiwa awe mwingine. Merege hakulazimishwa kurap ili aonekane wa kisasa. Gsan hakuvaa rubega ili aonekane Mmasai. Kila mmoja alileta cha kwake, wimbo ukajengwa katika nafasi iliyobaki kati yao. Ninaijua ndoa moja ambayo ingefaidika na mpango huo. Kwa miaka minne mume wangu amekuwa akinitaka nihamie mjini, nami nimekuwa nikimtaka aache gitaa. Kila mmoja anangoja mwenzake awe kama yeye.

Tulichokubaliana

Aliporudi Kakesio likizo nilimweleza hayo yote, pamoja na swali la mama wa maziwa. Nilimwuliza kuhusu bendi yao. Kiitikio cha wimbo wao bora kinaimbwa na kijana wa Kimasai anayefanya kazi ya ulinzi Arusha. Analipwaje?

Akakaa kimya. "Huwa tunamnunulia chakula," akasema.

"Basi na pesa zetu tuzipeleke kwenye chakula hichohicho?"

Hakukasirika. Alichukua kalamu. Tulikubaliana kutoa nusu ya akiba, na nusu ibaki kwenye kiwanja. Kabla shilingi moja haijakwenda studio, watu wote watano, akiwemo yule mlinzi, waandike jina la kila mtu na mgawo wake kwa kila wimbo, wasaini, kisha nyimbo zisajiliwe COSOTA. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999. Kazi ni kuitumia tu. Na mimi siulizwi tena lini nitahamia mjini, kama ambavyo yeye haulizwi lini ataacha gitaa. Tutaangalia tena baada ya miaka miwili.

Kama na wewe mwenzi wako ana bendi, kundi, au ndoto yoyote inayokula wikiendi zenu, haya ndiyo ninayoweza kukushauri:

Mosi, uliza ana wenzake gani kabla hujauliza atapata shilingi ngapi. Kundi ni watu, na pesa huja baadaye sana.

Pili, wekeni kiwango. Kusema "tutasaidia" hakutoshi. Semeni kiasi gani, mpaka lini, na kitu gani hakiguswi hata iweje. Ada ya mtoto si ya studio.

Tatu, andikeni. Mapenzi hayadhuriwi na karatasi. Yanayodhuru ni yale mliyodhani mmeelewana.

Nne, usimpende kwa sharti la kufanikiwa. X Plastaz walikaa miaka minane kabla ya albamu ile. Kama unampigia makofi siku ya redio tu, siku nyingine zote atajiona yuko peke yake nyumbani kwake.

Nilipomwambia mama wa maziwa kuwa yule kijana mlinzi ameandikwa na atagawiwa sawa na wenzake, hakutoa pongezi. Aliuliza kama na yeye ameipata nakala ya hiyo karatasi. Nikampigia mume wangu jioni ileile, akanijibu kuwa nakala wataitoa Jumatatu.