Kalibu ya Eropleni Iundwayo Nyumbani

Mwaka 1975, huko Mojave katika jimbo la California, iliruka kwa mara ya kwanza eropleni ndogo ya viti viwili iitwayo VariEze, iliyobuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Burt Rutan. Na haukupita muda mrefu ila watu wasiokuwa na kiwanda wala karakana ya maana walikuwa wakinunua ramani zake na kuiunda katika mabanda ya nyumba zao, kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. Hoja ya Rutan ilikuwa nyepesi: kalibu ni gharama ya mwenye kutoa vyombo mia, ambaye hasara yake itagawanyika katika kila kimoja, ilhali aundaye chombo kimoja tu yamtosha kuchonga povu gumu kwa waya wa moto, kulivika kitambaa, na kuliacha humo humo ndani ya ubawa.

Hoja hiyo naikubali, lakini haimalizi kazi. Kifuniko cha injini, kwa mfano, sharti kiwe tupu ndani, chembamba, chenye kupinda huku na huku, na chenye kufunguliwa mara kwa mara. Na hapo aghalabu kalibu haina budi.

Nayo haianzi yenyewe. Kwanza fundi hutengeneza kiolezo, yaani umbo kamili la kitu akitakacho, akakipaka fila, akakipiga msasa mkavu na kisha msasa wa maji, siku baada ya siku, hata uso wake ung'ae. Kwani mkwaruzo mmoja uliosalia katika kiolezo utarithiwa na kalibu, na kalibu itaurithisha kila kipande kitakachotoka ndani yake. Baada ya hapo kiolezo hupakwa nta, tabaka juu ya tabaka, na juu ya nta dawa ya kuachanisha, ndipo yafuatapo jelikoti, yaani tabaka laini la uso, na vitambaa, chepesi kwanza na kizito baadaye. Umbo likiwa la mviringo, kalibu hugawanywa vipande viwili vyenye kingo za kufungia bolti, ama sivyo itakikumbatia kiolezo isikiachie kamwe, na taabu yote hiyo iishie kwenye msumeno.

Epoksi nayo ina adabu zake. Hupimwa kwa mizani pamoja na dawa yake ya kuigandisha, wala kuzidisha dawa hakuharakishi kazi, bali huidhoofisha. Na ikiachwa nyingi katika kopo lenye kina, hujipasha moto yenyewe hata ikafuka moshi. Waunda boti wa pwani yetu waliozoea polyesta wajihadhari, kwa maana polyesta huyeyusha povu la polistirini. Kitambaa, pale panapohitajika kuzuia msokoto, hulazwa hanamu kwa nyuzi 45, ili mtande na mshindio vyote vibebe mzigo. Kisha kazi hufunikwa mfuko wa plastiki na hewa hufyonzwa, na hewa iliyobaki nje hukandamiza kwa uzito unaokaribia tani 10 kwa kila mita ya mraba, ikikamua epoksi iliyozidi, ambayo huongeza uzito pasipo kuongeza nguvu. (Glavu ni faradhi, na kinga ya pua wakati wa msasa ni faradhi zaidi, kwani mwili uliokwisha kuichukia epoksi haurudi kuipenda.)

Kipande kikitoka, hugongwagongwa kwa sarafu: panapolia wazi pako salama, na panapolia kwa uzito pana hewa iliyonaswa, sharti pakatwe pashughulikiwe upya. Hatimaye hupakwa rangi nyeupe, kwa kuwa jua kali juu ya rangi iliyokoza huweza kuipasha epoksi hata ikalegea. Na apendaye wekundu wa kujionyesha, na aridhike na mstari mwembamba ubavuni.