Kuondoa mfumo mmoja katika kompyuta yenye miwili

Katika baadhi ya nyumba zetu ipo kompyuta yenye mifumo endeshi miwili. Kijana alipokuwa akisoma aliweka Linux, mara nyingi Ubuntu au Linux Mint, pembeni ya Windows. Kisha akenda zake masomoni Uingereza au kazini, mashine ikabaki kwa wazee. Kila ikiwashwa inauliza unataka mfumo gani, na nusu ya diski imeshikwa na kitu ambacho hapana anayekitumia. Kukiondoa si kazi ngumu. Kinachowaponza watu ni kuanza na hatua ya mwisho.

Diski hugawanywa sehemu kadhaa, mfano wa nyumba na vyumba vyake. Kimoja cha Windows, kimoja au viwili vya Linux, na kipo kidogo sana, aghalabu cha megabaiti 100 mpaka 500, kiitwacho EFI. Humo ndimo wanamokaa mabawabu. Kompyuta ikiwashwa humtafuta bawabu kwanza, naye ndiye anayeufungua mfumo. Linux ilipowekwa ilileta bawabu wake, jina lake GRUB, ndiye anayekuonesha ile orodha ya mifumo miwili. Lakini daftari lake, yaani orodha yenyewe na maagizo mengi, halimo katika chumba kile kidogo. Limo ndani ya chumba cha Linux. Ukikifuta chumba hicho kwanza, bawabu atabaki mlangoni bila ya daftari. Utaona skrini nyeusi na neno grub, basi. Hapo mtu hudhani Windows imekufa, akaipeleka mashine dukani, na fundi asiye na subira akaifuta diski nzima ili aweke Windows mpya. Kumbe Windows ilikuwa nzima na picha zote zimo; aliyekosekana ni wa kufungua mlango tu.

Basi anza na nakala, na uzichukue ukiwa ndani ya Linux. Sababu ni kwamba Linux inaweza kuyasoma mafaili ya Windows, lakini Windows kwa kawaida haiyasomi ya Linux. Pengine hata itakuambia diski ile inataka kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa, maana ukikubali umeshafuta. Fungua mabunda ya Documents, Pictures na Downloads, uyanakili yaliyomo kwenye diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo katika kompyuta nyengine uone kama picha zinafunguka kweli. Nalisisitiza hili kwa sababu ya vitu tunavyovihifadhi sisi: picha za Unguja na Pemba za zamani, barua za mababu za khati ya Kiarabu zilizopigwa skani, sauti za mabibi wakihadithia. Aliyezipiga skani huenda alizihifadhi upande wa Linux na asimwambie mtu. Na barua ikishaliwa na mchwa, skani ndiyo asili. Mpigieni simu mumuulize.

Mkiwa bado ndani ya Linux, fungueni programu iitwayo Disks, mwandike kwenye karatasi ukubwa wa kila sehemu iliyoandikwa Ext4 au swap. Karatasi hiyo itahitajika.

Jambo jengine ni BitLocker. Kompyuta nyingi za siku hizi huifunga diski kwa siri bila ya mwenyewe kujua, na ukigusa mambo ya mabawabu huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umo katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafuteni mapema, muuandike mahali nje ya kompyuta hiyo.

Sasa mbadilishe bawabu. Izime mashine, iwashe huku ukibonyeza F2, F10, Esc au Delete, kwa kufuata aliyeitengeneza, mpaka ufike kwenye ukurasa wa mipangilio. Tafuta mpangilio wa kuwaka, uliweke jina Windows Boot Manager juu kabisa, uhifadhi. Washa mara mbili tatu. Windows ikifunguka bila ya ile orodha, mlango uko sawa. Isipofunguka, rudisha kama ilivyokuwa. Hujapoteza kitu kwa sababu hujafuta kitu.

Kompyuta za zamani zisizo na EFI zina GRUB mwanzoni kabisa mwa diski. Hizo zinataka fleshi ya kusakinishia Windows na amri bootrec /fixmbr, nayo pia ni kabla ya kufuta.

Baada ya hapo ndipo unapofuta. Ndani ya Windows fungua Disk Management, chukua karatasi yako, na uchague "Delete Volume" kwa zile sehemu tu ambazo ukubwa wake umeuandika. EFI na Recovery nazo hazina herufi kama sehemu za Linux, lakini msiziguse. Ukitaka nafasi iliyopatikana iungane na C, chagua "Extend Volume". Neno hilo likiwa limefifia, ni kwa sababu nafasi tupu haikugusana na C, pengine Recovery imekaa katikati. Usiivunje Recovery kwa ajili hiyo. Ifanye nafasi hiyo kuwa D, nayo inatosha kuwekea picha.

Anayetaka kinyume chake, yaani kubaki na Linux na kuiondoa Windows, kazi yake ni nyepesi zaidi, kwani GRUB yuko mlangoni tayari. Nakala kwanza, kisha ufute sehemu ya Windows kwa Disks, na mwisho amri sudo update-grub ili orodha iandikwe upya. Ila chumba cha EFI, japokuwa mara nyingi kiliundwa na Windows, kibaki kama kilivyo, maana GRUB naye anakaa humo.