Chembe za Mwili Hazilingani

Mfikirie tembo wa Mbuga ya Virunga, kisha umfikirie panya wa nyumbani mwako. Pengine wadhani tembo amejengwa kwa matofali makubwa, na panya kwa matofali madogo. Sivyo. Mwili wa kila mnyama, na wa mtu pia, umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa chembe. Chembe nyekundu ya damu ya tembo haifiki mara mbili ya ile ya panya kwa upana. Tembo amemzidi panya kwa wingi wa chembe.

Kwa nini chembe ni ndogo? Mama anayelowesha mihogo anajua. Muhogo mzima hukawia kulainika; vipande vidogo hulainika upesi, kwa sababu maji huingia kutoka nje mpaka katikati. Chembe nayo hupokea chakula na hewa kwa kupitia ngozi yake. Ingekuwa kubwa mno, katikati yake pangeona njaa.

Lakini chembe hazilingani, maana kila moja ina kazi yake. Yai la mwanamke lina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Jicho laweza kuliona kama nukta. Chembe ya neva itokayo mgongoni mpaka mguuni yaweza kuwa na urefu wa karibu mita 1, lakini ni nyembamba mno. Chembe nyekundu za damu ni ndogo zaidi: ukipanga kama 130 katika mstari mmoja, utapata milimita 1 tu. Imefaa ziwe hivyo, kwa sababu hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele.

Sasa sikiliza vizuri. Mganga anapotazama damu kwa hadubini, ukubwa wa chembe humwonyesha njia. Zikiwa ndogo na zimepauka, mara nyingi mwili umekosa chuma. Labda minyoo ya safura inanyonya damu tumboni. Zikiwa kubwa kupita kiasi, huenda mwili umekosa vitamini, kama ile ipatikanayo katika majani ya mboga. Zikiwa za kawaida lakini chache, labda vijidudu vya malaria vimezipasua. Wagonjwa hawa wote wamepungukiwa damu, lakini dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine.

Kwa hiyo, ukiona viganja, ulimi na ndani ya kope za mtoto vimekuwa vyeupe, naye anachoka na kuhema upesi, usikimbilie kununua vidonge vya damu sokoni. Mlete hospitalini siku ileile, apimwe damu.

Nyumbani fanya hivi:
1. Mpe sombe, lenga-lenga, maharagi, na nyama au samaki ukipata.
2. Chimba choo, na wote wakitumie.
3. Mvalishe viatu, maana safura huingia kwa nyayo.
4. Mlaze ndani ya chandarua kila usiku.

Chembe ni ndogo, lakini uzima wa mtoto wako umo ndani yake.