Kisenge: Daftari ya deni na risiti ya shule vinaeleza nini juu ya umaskini?

Je, jamaa za Kisenge ziliishi vizuri zaidi wakati manganese ilikuwa inapanda treni kwenda Lobito? Wengi watajibu haraka. Lakini ili kulipima, watafiti wa historia wanatafuta karatasi ndogo: zinazoonyesha pesa iliyoingia nyumbani, na namna ilivyotoka.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1855, Mbelgiji Édouard Ducpétiaux alitoa hesabu za matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa nchi yake. Miaka 2 baadaye, Mjerumani Ernst Engel alizisoma upya, akaona jambo moja: kadiri jamaa ilivyo maskini, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya pesa yake. Kwa jamaa zilizoishi kwa msaada, chakula kilichukua karibu franga 71 katika kila 100. Kwa zile zilizojiweza, karibu 62.

Huku kwetu hesabu ina mtego. Wakati wa ukoloni, kampuni kubwa za Katanga kama Union Minière hazikulipa kwa pesa tu. Mfanyakazi alipewa nyumba na posho ya chakula, na mke na watoto walihesabiwa humo. Anayesoma mshahara peke yake ataona jamaa maskini kuliko ilivyokuwa. Anayesoma posho peke yake hataona shamba la mama, wala biashara yake ndogo sokoni. Na jamaa zilizoishi nje ya kambi, bila kazi ya kampuni, mara nyingi hazimo kabisa kwenye karatasi hizo. Hapo ndipo ukosefu wa usawa unapojificha.

Lubumbashi imebahatika kidogo. Joseph Houyoux na Yves Lecoanet walitoa uchunguzi wa bajeti za nyumba za mji huo mwaka 1975. Mwaka 2003, kikundi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chini ya Pierre Petit, kilitoa kitabu juu ya jamaa za mji huo huo. Kati ya tarehe hizo mbili, mtu anaweza kulinganisha.

Kwa nchi nzima, uchunguzi unaoitwa 1-2-3 ulikuta watu 71,3 kwa 100 wakiwa maskini mwaka 2005, na 63,4 mwaka 2012. Lakini wastani wa nchi hauambii mtu kama bukari ya Kisenge imeongezeka au imepungua.

Nayo Kisenge ina sababu ya kuuliza. Mwaka 1975, vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela. Shaba ilipata njia nyingine. Manganese, nzito na ya bei ndogo, ilibaki bila njia ya kuilipia safari. Mwaka 2015 reli ilifunguliwa rasmi tena hadi Luau, mpakani, na leo kila mtu anazungumzia njia ya Lobito.

Ahadi ni nyingi. Ila baada ya miaka 10, nani atajua kama treni ilileta nyama mezani au kelele tu? Tani zitahesabiwa na kampuni. Sahani hazina wa kuzihesabu, isipokuwa wenye nyumba. Basi, daftari ya deni la dukani, risiti ya shule, kadi ya zamani ya posho ya babu: visiwashie makala. Ni ushahidi.