Tafsiri ya Programu Nayo Ikaguliwe Kipande kwa Kipande

Daraja la Katunguru limepita juu ya mfereji wa Kazinga, uunganishao Ziwa Edward na Ziwa George, katika barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese. Tuseme askari wa zamu yupo hapo usiku, anaandika taarifa yake katika simu. Mbele yake kuna vitufe viwili: "Futa" na "Ghairi". Cha kwanza huondoa taarifa yote. Cha pili humrudisha alipokuwa. Je, kama mfasiri aliandika "Futa" katika vyote viwili? Kazi ya usiku kucha itapotea.

Kosa la namna hiyo si lazima litokane na uzembe. Aghalabu mfasiri hupewa orodha ya maneno matupu, asionyeshwe yatakapokaa. Neno la Kiingereza "open" laweza kuwa amri, yaani fungua, au hali, yaani wazi. "Post" yaweza kuwa kituo cha askari, au kutangaza habari. Aidha, Kiingereza hutumia "deleted" kwa kila kitu, bali sisi husema ujumbe umefutwa, picha imefutwa, majina yamefutwa.

Kwa sababu hiyo mafundi wamebuni njia ya kukitazama kila kipande peke yake, mahali palipotengwa, kabla ya kukiunganisha na programu nzima. Chombo kimoja mashuhuri cha kazi hiyo ni Storybook, kilichotolewa mwaka 2016. Fundi hukiweka kitufe mbele yake, akabadili lugha, akaona kama neno limeenea au limekatwa mkia, na kama ngeli zapatana kwa umoja na kwa wingi.

Askari halioni jambo hili kuwa geni. Bunduki hufunguliwa, kila kipande kikakaguliwa, ndipo ikafungwa. Kisha hujaribiwa ikiwa nzima. Tafsiri nayo yataka majaribio yote mawili.

Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Basi uwezo upo. Lililobaki ni kwamba, kabla chombo hakijaletwa zamuni, askari anayekizungumza Kiswahili kila siku aitwe akikague. Yeye ndiye atakayebonyeza kitufe gizani.