GARI LA MOSHI DOGO: JIFUNZE KULEHEMU

Kwetu Kang'ata hakuna reli. Reli iko Korogwe. Ilijengwa kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902. Lakini gari la moshi dogo, la kuweka mezani, unaweza kulitengeneza nyumbani kwako.

Huko Uingereza na Japani wako watu wazima wanaofanya kazi hii wakati wa mapumziko. Hununua boksi lenye vipande vyembamba vya shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Huvikunja, kisha huviunga kwa lehemu. Sisi tunaweza kuanza na makopo matupu ya maziwa. Kazi ni ile ile. Tena anayejua kulehemu kopo anaweza kutengeneza kibatari, au kuziba chemli inayovuja.

PIMA KWANZA

Upana wa reli ya Korogwe, kutoka chuma hadi chuma, ni mita 1. Ukigawa kwa 50 unapata sentimita 2. Basi kila mita 1 ya gari la kweli itakuwa sentimita 2 za gari lako. Behewa la mita 12 litakuwa na urefu wa sentimita 24. Chora vipande vyote kwenye karatasi kabla ya kukata.

KOSA LA ANAYEANZA

Mimi nilipoanza, niliyeyusha lehemu juu ya chuma cha kulehemu, nikaipaka kama gundi. Nikadhani imeshika. Nilipoinua behewa, ubavu mmoja ukadondoka. Kwa nini? Kopo lenyewe lilikuwa baridi, tena lilikuwa na mafuta.

Lehemu hufuata joto na usafi. Lehemu ya kawaida huyeyuka kwenye joto la digrii 190 hivi. Shaba ya manjano huyeyuka kwenye digrii 900 hivi. Kwa hiyo usiogope kukipasha moto kipande chako. Hakitayeyuka. Fanya hivi:

1. Sugua mahali pa kuungia kwa msasa mpaka pang'ae.

2. Paka dawa ya kulehemu. Dawa hii huondoa uchafu uliobaki, lehemu ipate kushika.

3. Pasha chuma cha kulehemu kwenye makaa. Kisiwe chekundu, maana ncha yake itaungua na haitashika lehemu.

4. Gusisha chuma hicho mahali pa kuungia. Subiri kidogo. Kisha gusisha lehemu kwenye kiungo chenyewe, si kwenye chuma. Ikitiririka na kung'aa, imeshika. Ikijikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba, haijashika.

5. Shika nukta mbili tu kwanza. Tazama kama behewa limenyooka. Likiwa limenyooka, malizia. Usilitikise mpaka lipoe. Halafu osha dawa kwa maji.

JIHADHARI NA RISASI

Sasa nisikilize vizuri. Jioni ile ile ya behewa langu la kwanza, nilimkuta mwanangu mdogo ameokota tone la lehemu chini, analipeleka mdomoni. Nikamwahi.

Lehemu nyingi zina risasi. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaonekani siku ile ile. Basi fanyia kazi nje, mbali na jiko na mbali na watoto. Fagia matone yote. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Usizibe sufuria wala chombo cha maji ya kunywa kwa lehemu hii. Usitumie kopo lililokuwa na dawa ya wadudu. Na gari lenyewe usimpe mtoto alichezee. Liweke juu, alitazame. Ipo pia lehemu isiyo na risasi. Inataka joto zaidi, lakini ndiyo bora. Iulizie dukani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ubavu wa behewa ulidondoka?

2. Behewa la kweli lina mita 15. Dogo litakuwa na sentimita ngapi?

3. Nyumbani kwako, utafanyia kazi hii mahali gani?