Fahamu: Kwa nini mtoto mwenye mgongo wazi hushindwa kudhibiti mkojo?

Mtoto wa Muleba aliyezaliwa na mgongo wazi anaweza kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kidonda kikapona vizuri. Lakini tatizo la kibofu mara nyingi hubaki.

Nini hutokea?
Mishipa ya fahamu inayokiamuru kibofu kutoa mkojo huanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kwa kawaida kibofu hukaza na mlango wake hulegea kwa pamoja. Mishipa hiyo ikiharibika kwa sababu ya mgongo wazi, kibofu chaweza kukaza mlango ukiwa umefungwa. Mkojo hurudi juu na kuharibu figo. Kibofu kingine hulegea, hujaa na kuvuja matone. Hivyo nepi iliyolowa haimaanishi kibofu ni kitupu.

Tiba ni ipi?
Mzazi hunawa mikono kwa sabuni, huingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, husubiri mkojo uishe, kisha huutoa mpira. Hurudia kila baada ya saa 3 hadi 4. Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha mwaka 1972 kwamba usafi wa kawaida unatosha. Dawa ya oksibutinini hulegeza kibofu kilichokaza.

Kinga je?
Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba; usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Vitamini ya foliki asidi husaidia ufunge. Unga wa viwandani huongezwa foliki asidi, lakini chakula kikuu cha Bukoba na Muleba ni ndizi, ambazo haziongezwi. Dada unayepanga kuzaa, anza kumeza mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kabla ya kushika mimba.

Nawe mzazi, usingoje figo ziugue: omba kibofu cha mwanao kipimwe mapema.